Baada ya Uzamivu wa Sayansi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Njia ya Kazi Nairobi

Tasnifu imetetewa, wasahihishaji wameridhika, na kwenu tayari wanakuita Daktari. Siku hizo hizo ufadhili unakatika, maana ufadhili mwingi wa uzamivu huhesabiwa kwa miaka mitatu au minne na haungoji mahafali. Ndipo jamaa wanaanza kuuliza umeandikwa chuo gani. Wanauliza kwa nia njema, lakini swali lenyewe limeshaamua kwamba mwenye uzamivu ni lazima awe mhadhiri. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa hivyo hapa Kenya. Leo vyuo vikuu vya umma vinadaiwa pesa nyingi, migomo ya mishahara inarudi mara kwa mara, na nafasi za kudumu ni chache kuliko watu wanaozistahili.

Ushauri wangu ni kwamba usichague cheo, wala usichague jina la taasisi. Chagua kazi ya siku ya kawaida, ile Jumanne isiyo na mkutano mkubwa wala wageni, kisha uchunguze ni mfuko gani unaoilipa kazi hiyo na utadumu hadi lini. Nimeona wanasayansi wazuri wakiteseka mahali penye heshima kwa sababu hawakuyauliza haya mawili, na wengine wakistawi mahali ambapo hakuna aliyewatarajia.

Mwongozo huu ni wa aliyesomea biolojia, kemia, fizikia, hisabati, kilimo, afya au mazingira, na anayeishi Nairobi au anarudi kuishi hapa.

Hatua ya kwanza: malizana na chuo

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wamechoka. Kati ya siku ya kutetea tasnifu na siku ya kushika cheti kunaweza kupita miezi mingi ya marekebisho, saini, nakala za maktaba, kikao cha seneti na mahafali. Mwajiri hatangoja yote hayo. Mara tu marekebisho yako yanapokubaliwa, iombe ofisi inayoshughulikia masomo ya uzamili na uzamivu ikupe barua rasmi kwamba umetimiza masharti yote ya shahada. Waajiri wengi huipokea barua hiyo wakati cheti bado kinasubiriwa. Ikiwa ulisomea nje ya nchi, anza mapema kuiomba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, itambue shahada yako, kwa maana vyuo vya hapa huiulizia barua ya utambuzi kabla ya kukuajiri.

Halafu keti na msimamizi wako mmalize mambo matatu, na jioni hiyo umtumie baruapepe inayorudia mliyokubaliana. La kwanza ni makala zilizobaki ndani ya tasnifu: nani mwandishi wa kwanza, nani anasubiriwa, na tarehe ya kuzituma. La pili ni data na sampuli. Sampuli kwa kawaida hubaki na taasisi. Data za wagonjwa zinatawaliwa na ridhaa waliyotia saini, na idhini ya kamati ya maadili, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, hata kama wewe na msimamizi mnapatana sana. La tatu ni barua za mapendekezo. Usimwulize kama atakuandikia, kwa sababu karibu wote hujibu ndiyo. Mwulize kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu kwa kazi ya aina fulani, na umpe nafasi ya kusema hapana bila kuona haya.

Wakati huo huo kusanya nyaraka ambazo taasisi za umma huzidai, zile ambazo watu huziita nyaraka za Sura ya Sita kwa sababu ya sura ya Katiba ya 2010 inayohusu uongozi na uadilifu. Ni cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI, cheti cha kulipa kodi kutoka mamlaka ya ushuru, KRA, barua ya bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, fomu ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, na ripoti ya shirika la kumbukumbu za mikopo. Ya HELB ndiyo huwashika wengi, maana mkopo wa shahada ya kwanza ulikuwa umeshasahaulika.

Hatua ya pili: ziandike kazi ulizofanya, moja moja

Mtu akiulizwa ujuzi wake baada ya uzamivu hutaja mada: «Mimi ni wa vimelea vya malaria.» Mada haisemi unaweza kufanya nini. Chukua daftari, urudi nyuma miaka miwili, na uandike kila kazi uliyoifanya kwa mikono na kichwa chako. Huyo wa malaria, akiandika kwa ukweli, atakuta kwamba aliandika itifaki na kuipitisha kwenye kamati ya maadili, akapata leseni ya utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, akapanga safari za kwenda Busia, akawaeleza wazazi mbele ya zahanati kwa nini mtoto atatolewa damu, akawafunza wasaidizi wawili wa maabara, akatengeneza mashine ya PCR, ya kunakili DNA, iliyogoma, akasafisha data iliyojaa makosa, akaandika programu za kuichambua kwa lugha ya kompyuta ya R, akatetea bajeti mbele ya mfadhili, na akaandika ripoti ya kurasa nne kwa maafisa wa kaunti. Hizo ni kazi kama kumi, na kila moja kuna mtu hapa Nairobi anayelipwa mshahara kamili kuifanya.

Kisha weka alama. Kazi zipi ulizianza kabla ya kuambiwa? Zipi zilikufanya usahau chakula cha mchana? Zipi uliziahirisha hadi usiku wa mwisho, hata zile unazozijua vizuri? Hapo uwe mkweli, kwa sababu kuweza na kupenda hazitembei pamoja daima. Yuko fundi mzuri sana wa maabara ambaye kwa kweli amechoka na pipeti, na yuko mtu aliyepita takwimu kwa shida lakini akiachwa na data hataki kuamka kitini. Usiandike unachopaswa kupenda. Hakuna msimamizi atakayelisoma daftari hili.

Ukimaliza, chagua kazi tatu ambazo ungetaka zijaze Jumanne yako kwa miaka mitano ijayo, na moja ambayo hutaki kuiona tena. Hizo nne ndizo utakazopimia kila njia hapa chini.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ya nyumbani

Wanasayansi wengi huona aibu kuanza na pesa, kisha pesa ndiyo inayowachagulia kazi kwa haraka. Andika kodi ya nyumba, karo, nauli, chakula, mkopo, na unachotuma nyumbani kila mwezi. Kama wewe ni kifungua mimba, na wadogo zako walikuwa wakingoja umalize, liandike hilo pia, kwa maana ni deni la kweli ingawa halina risiti. Kisha hesabu miezi unayoweza kukaa bila mshahara. Mwenye miezi sita ana uhuru wa kungoja nafasi nzuri. Mwenye mwezi mmoja atafute kwanza kazi ya kushikilia maisha, aendelee kutafuta akiwa ndani.

Linganisha mishahara kwa kile kinachofika benki. Mshahara uliotangazwa utakatwa kodi ya mapato, PAYE, ambayo kwa sehemu kubwa ya mshahara wa mtafiti ni asilimia 30, na bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, na akiba ya uzeeni ya NSSF. Kazi ya ushauri wa mkataba ina hesabu yake: mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kukulipa iliyobaki, nawe unatakiwa kutoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na kumalizia kodi yako mwenyewe mwisho wa mwaka. Hapo hakuna likizo ya malipo, wala pensheni, wala bima ya familia. Ndiyo maana ada ya ushauri inayoonekana kubwa mara mbili ya mshahara inaweza kuwa sawa nao, au chini yake, ukihesabu miezi mitupu katikati.

Kama una mwenzi, onyeshaneni karatasi hiyo kabla ya kuomba kazi ya kwanza. Kuhamia Kilifi au Ujerumani si uamuzi wa mtu mmoja.

Hatua ya nne: ijue ramani ya kazi Nairobi

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na si bure. Miji ya Afrika yenye taasisi nyingi za sayansi namna hii ni michache, na bado mtu anaweza kusomea uzamivu wake Chiromo, kwenye kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, bila kuwahi kuvuka lango la Kasarani au Uthiru.

Tuanze na chuo kikuu, kwa kuwa ndicho unachokijua. Mhadhiri wa kweli anafundisha, anasahihisha, anasimamia wanafunzi, anakaa kwenye kamati, na utafiti anaufanya katika saa zinazobaki. Ngazi zake ni mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Na kupanda kunategemea machapisho, wanafunzi uliowasimamia hadi wakamaliza, na ruzuku ulizoleta. Kama kazi zako tatu zina kufundisha na kulea wanafunzi, ipiganie njia hii kwa moyo wote, kwa maana nchi inawahitaji watu hao na hakuna furaha ya kikazi inayolingana na mwanafunzi wako kutetea tasnifu yake. Lakini tofautisha nafasi ya kudumu na kufundisha kwa kulipwa kwa kila somo. Hii ya pili imewafunga vijana wengi: masomo matatu katika vyuo viwili, safari za matatu kutoka Juja hadi mjini hadi Lang'ata, na malipo yanayochelewa muhula hadi muhula. Ichukue kwa muhula mmoja au miwili ili upate uzoefu wa darasani na barua ya kuthibitisha. Usiifanye kituo cha kungojea, kwa sababu muda wa kuandika makala, ambazo ndizo zingekupa nafasi ya kudumu, unaliwa na kusahihisha mitihani.

Taasisi za utafiti za serikali ni dunia nyingine. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 1979, ina makao yake Mbagathi; KALRO, iliyozaliwa na sheria ya 2013 iliyounganisha utafiti wa mazao, mifugo, kahawa, chai na sukari, iko Loresho na ina vituo nchi nzima. Hapa uelewe jambo moja kabla ya kuomba: ndani ya jengo moja kuna watafiti walioajiriwa na serikali na kuna walioajiriwa na mradi. Wanakula chakula cha mchana meza moja, lakini mmoja ana pensheni na mwingine ana mkataba unaokwisha mradi ukiisha. Tangazo la kazi lisome hadi mwisho ujue ni ipi.

Halafu kuna taasisi za kimataifa. Icipe iko Kasarani, kando ya Thika Road, ilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na inashughulika na wadudu: wanaoharibu mazao, wanaoeneza magonjwa, na wanaotusaidia kama nyuki. ILRI iko Uthiru, inatafiti mifugo, na mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa 1973 kutafiti ndigana na nagana. Kituo cha utafiti wa kilimo cha misitu, ambacho sasa kinaitwa CIFOR-ICRAF, kiko Gigiri. APHRC inatafiti idadi ya watu na afya, na tangu 2008 imekuwa nguzo ya mpango wa CARTA wa kulea watafiti wa vyuo vya Afrika. Maabara hizi zina vifaa, zina wenzako kutoka kila nchi, na zinalipa kwa wakati. Gharama yake ni kwamba mada yako itafuata mradi, na mradi utamfuata mfadhili. Kama unachopenda ni mbinu, utafurahi. Kama unampenda mdudu mmoja tu hadi kufa, utaumia mradi ukibadilika.

Hapo ndipo zilipo pia nafasi nyingi za utafiti wa baada ya uzamivu, kwa sababu vyuo vyetu mara chache huwa na fungu la kuzilipia. Nafasi hizi ni nzuri kwa sharti moja: uweze kusema kwa sentensi moja utakuwa na nini baada ya miaka miwili ambacho huna leo. Mbinu mpya ya kupanga jenomu, ruzuku kwa jina lako, makala mbili ukiwa mwandishi wa mwisho, yaani kiongozi wa utafiti, kundi la washirika nje ya nchi. Kama jibu ni kwamba hakuna kingine kilichopatikana, utatoka ukiwa mahali pale pale, umri umesonga.

Anayetaka kwenda nje atazame saa, kwa sababu inaanza kuhesabu siku unayopata shahada. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya unataka usizidi miaka 8 ya uzoefu wa utafiti baada ya uzamivu, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya mwisho wa maombi. Humboldt ya Ujerumani, kwa daraja la wanaoanza, inataka uzamivu usiozidi miaka 4. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo soma masharti ya mwaka wenyewe. Usiwe mtu anayeamua kwenda nje mwaka wa tano akakuta milango mizuri imeshafungwa nyuma yake. Na kabla ya kumwandikia profesa wa mbali, soma makala zake mbili za karibuni na umweleze utaongeza nini kwake. Barua ya kunakili kwa maprofesa arobaini haijibiwi.

Taasisi za udhibiti husahaulika sana, nami naziheshimu mno. KEBS hupima ubora wa bidhaa, KEPHIS hulinda mimea na mbegu, NEMA husimamia mazingira, Bodi ya Famasia na Sumu husimamia dawa, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia hupitia maombi ya viumbe vilivyobadilishwa jeni, na KIPI hukagua hataza. Sayansi inayofanyika humo inafika mezani kwa kila Mkenya. Ukipenda kusoma ushahidi kwa makini na kutoa uamuzi, utajikuta nyumbani. Ila fahamu kwamba muundo wa utumishi hutaja shahada na miaka ya kazi, na uzamivu peke yake haukupandishi ngazi. Unaweza kuanza chini ya mtu mwenye shahada moja aliyekaa humo miaka kumi. Kama moyo wako hauwezi kulibeba hilo, usiombe. Matangazo ya kazi za serikali hutoka kwenye gazeti la serikali la MyGov siku ya Jumanne na kwenye tovuti za taasisi zenyewe.

Gigiri huwavutia wengi kwa sababu mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira, UNEP, na makazi, UN-Habitat, yana makao makuu pale. Nafasi zake ni za aina tatu, nazo hazifanani hata kidogo. Nafasi za maafisa wa kitaifa, zenye herufi NO, ni za Wakenya pekee. Za kimataifa zenye herufi P unashindana na dunia nzima. Za ushauri ni za miezi, bila pensheni, na mwaka 2025 Umoja wa Mataifa wenyewe ulipobana matumizi tuliona jinsi mikataba mifupi inavyokatika upesi. Kazi ya kila siku pale ni kuandika, kukutanisha serikali na kupatanisha lugha ya waraka. Maabara utaiona kwenye picha.

Kampuni binafsi huchukua watu wa uzamivu kwa sababu ya tatizo linalotatulika, si kwa sababu ya tasnifu. Viwanda vya dawa na vyakula vya Industrial Area na Ruaraka vinahitaji watu wa ubora na utengenezaji. Kampuni za mbegu zinahitaji wazalishaji wa mimea. Wanaouza vifaa vya maabara wanahitaji mtu anayeweza kusimama mbele ya mashine ya milioni nyingi, kuifunga, kuwafunza wateja na kuirudia ikiharibika. Hiyo ni kazi nzuri kwa anayependa vifaa na safari, na hulipa zaidi ya wanavyodhani walioko vyuoni. Majaribio ya dawa yana wakaguzi wanaozunguka hospitali kuhakikisha itifaki inafuatwa, na cheti cha kanuni bora za utafiti wa kitabibu ndicho tiketi ya kuingilia. Benki, bima na kampuni za simu zinatafuta watu wa data. Mwanafizikia au mwanaikolojia aliyechambua data chafu kwa miaka minne yuko tayari kuliko anavyojidhania, bora aonyeshe kazi mbili tatu alizozichambua mwenyewe.

Kuna pia kazi za kuiendesha sayansi badala ya kuifanya: kusimamia ruzuku, kuratibu miradi, kuandika sera, kuieleza sayansi kwa umma. Wakfu wa Sayansi kwa Afrika uko hapa hapa Nairobi na husimamia ufadhili wa watafiti barani. Akademia ya Sayansi ya Afrika, AAS, iliyoanzishwa 1985, iko Karen. Mtu mwenye utaratibu na kalamu nyepesi asizidharau kazi hizi kama za walioshindwa maabarani. Bila wao hakuna pesa inayofika maabarani.

Biashara yako mwenyewe nitaigusia tu: ianze ukiwa na mteja wa kwanza aliyelipa, na suala la nani anamiliki ugunduzi wako ulimalize na chuo kwa maandishi kabla ya kusajili kampuni.

Hatua ya tano: ufuatilie mfuko hadi mwisho

Januari 2025 serikali ya Marekani ilipoisimamisha misaada yake ya nje, watu wa miradi ya afya hapa nchini waliambiwa waache kazi ndani ya siku chache. Walikuwa hodari, na hakuna aliyesema kazi yao ni mbaya. Mfuko ndio uliofungwa. Tangu hapo naamini kila mwanasayansi anayeingia kwenye mradi anapaswa kujua mambo yafuatayo kabla ya kutia saini: jina la mfadhili, tarehe ruzuku inapokwisha, kama kuna mfadhili wa pili, na nini kiliwapata wafanyakazi wa ruzuku iliyotangulia. Hilo la mwisho linafunua mengi. Taasisi nyingine huwa na utaratibu wa kuhamishia watu mradi mwingine. Nyingine huwaaga kwa keki.

Mfuko wa serikali nao usidhaniwe ni mwamba. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyoanzisha NACOSTI na Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, iliweka lengo la kuupa mfuko huo asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijafikiwa. Mshahara wa kudumu utaupata, lakini pesa za kufanyia utafiti utazitafuta wewe, hivyo kujua kuandika maombi ya ruzuku ni ujuzi unaokubeba kwenye njia yoyote ile.

Hatua ya sita: zungumza na wanaoifanya

Chagua njia mbili, tatu zikizidi. Kwa kila moja tafuta watu watatu: mmoja aliyeingia karibuni, mmoja aliyekaa muda mrefu, na mmoja aliyetoka. Huyo aliyetoka ndiye atakayekueleza mengi. Waanzie waliotoka idara yako. Kila idara ya sayansi Chiromo, Kahawa au Juja ina wahitimu waliosambaa jijini, na katibu wa idara mara nyingi anajua walipo kuliko mkuu wa idara. Ujumbe uwe mfupi na wa heshima:

«Habari za leo, Dkt. Mimi nilimaliza uzamivu wa kemia mwaka huu chini ya Profesa fulani. Nafikiria kuingia kazi za udhibiti, na ningeomba dakika ishirini zako, kwa simu au nije ulipo, nikuulize siku yako ya kazi ikoje. Siombi kazi. Siku yoyote baada ya Jumatano nitashukuru.»

Ukikubaliwa, usiulize kama kazi ni nzuri. Uliza jana alifanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Uliza ni nini hakukijua siku ya kwanza. Uliza mtu mwenye uzamivu hukosea wapi anapoomba nafasi kama yake, na nani mwingine ungefaa kuzungumza naye. Andika majibu siku hiyo hiyo. Kisha mshukuru, na ukipata kazi mwambie, hata kama ni njia nyingine. Watu hawa utawahitaji tena, nao watakuhitaji.

Hatua ya saba: ijaribu kwa kiasi kidogo

Kabla ya kuhama kabisa, onja. Anayefikiria data achukue data ya wazi, tuseme takwimu za KNBS, shirika la taifa la takwimu, aichambue hadi mwisho na kuiweka hadharani. Anayefikiria sera aandike muhtasari wa kurasa mbili kutoka kwenye sura moja ya tasnifu na aupeleke kwa afisa wa kaunti anayehusika, aone kama atasomwa. Anayefikiria ruzuku ajitolee kumsaidia msimamizi wake kuandaa maombi yajayo, pamoja na bajeti yake. Anayefikiria kufundisha aombe somo moja, kwa mkataba wa maandishi. Jaribio lisikule miezi. Unachotafuta ni kujua kama saa za kazi hiyo zinapita upesi au zinakokota, na kupata kitu cha kuonyesha kwenye usaili.

Hatua ya nane: andika wasifu wawili

Wa kwanza ni wa kitaaluma, mrefu, una machapisho yote, makongamano, wanafunzi na ruzuku. Wa pili ni wa kurasa mbili kwa kila mahali pengine, na hapo kichwa cha tasnifu kinachukua mstari mmoja. Kwenye huo wa pili rudi kwenye daftari la hatua ya pili na uandike matendo pamoja na ukubwa wake: uliwasimamia watu wangapi, bajeti ilikuwa kiasi gani, sampuli ngapi, nini kilibadilika. Ondoa neno ambalo mtu wa idara ya rasilimali watu hatalielewa. Msimamizi wako asiwe mtu wa mwisho kuusoma. Mpe mtu wa nje ya sayansi, na kila anapokwama upaandike upya.

Hatua ya tisa: ofa ikija

Iombe kwa maandishi na uombe siku chache za kuisoma. Uliza mkataba ni wa muda gani na unafanywaje upya, mshahara uko wapi kwenye ngazi ya taasisi, bima inawafunika nani, na kama kuna muda wa majaribio. Kwa mwanasayansi kuna maswali manne zaidi ambayo huwa vigumu kuyauliza ukishaanza kazi: Je, naruhusiwa kuchapisha, na nani anaidhinisha? Naweza kumalizia makala za tasnifu saa za kazi, hata nusu siku kwa wiki? Naweza kusimamia mwanafunzi au kushikilia nafasi ya heshima chuoni? Nikigundua kitu, ni cha nani? Mshahara unaweza kuujadili hata kwenye taasisi zenye ngazi maalum, kwa sababu mara nyingi kinachojadiliwa ni utaanzia hatua ya ngapi ndani ya ngazi, na hapo miaka yako ya uzamivu iombe ihesabiwe kama uzoefu wa kazi. Si wote hukubali, lakini asiyeuliza huanzia hatua ya kwanza.

Ofa mbili zikigongana, rudi kwenye zile kazi tatu na ile moja usiyoitaka, uziweke kando ya kila ofa, na chini yake uandike mfuko unakwisha lini. Kwa kawaida jibu huonekana hapo kabla hujafika kwenye mshahara. Ukishakubali mahali, waandikie waliobaki siku hiyo hiyo ili waite anayefuata kwenye orodha yao.